Radio Nederland: uzoefu wangu mpaka siku ya mwisho

Nimesikiliza idhaa nyingi za masafa mafupi, ila Radio Nederland, idhaa ya kimataifa ya Uholanzi, ndiyo niliyoipangia saa. Kabla ya matangazo kuanza zilikuwa zinalia kengele zao za kujitambulisha, nami nasogeza mshale taratibu, kidogo kushoto, kidogo kulia, mpaka mkoromo upungue na kengele zitulie.

Usikivu ulikuwa mzuri ajabu. Watangazaji walikuwa Hilversum, Uholanzi, lakini tangu 1972 walikuwa na mitambo ya kurushia matangazo Madagaska, ndiyo maana sauti ilikuja imeshiba. Shida ni ile ya masafa mafupi yote: mchana masafa ya juu yanafika, giza likiingia yanazimika, unahamia ya chini.

Kipindi changu kilikuwa Media Network cha Jonathan Marks, kilichodumu 1981 hadi 2000. Mtu anakueleza redio zenyewe zinavyofanya kazi, nani anazizima na kwa nini. Sijapata kingine kama hicho.

Niliwahi kuwaandikia ripoti ya usikivu: tarehe, saa, kilohezi, na niliyoyasikia, ili wajue sikubahatisha. Wakanijibu kwa kadi ya QSL, yaani kadi ambayo kituo humtumia msikilizaji kuthibitisha kwamba kweli alikisikia. Kuona masafa niliyoyaandika kwa mkono wangu yamethibitishwa na kituo chenyewe, nilifurahi kupita kiasi. Ninayo hadi leo.

Idhaa ilianzishwa 1947, baada ya Vita Kuu ya Pili. Haikufa kwa kukosa wasikilizaji. Mwaka 2011 serikali ya Uholanzi iliamua kuikata bajeti, kutoka kama euro milioni 46 hadi 14. Matangazo ya Kiholanzi yakakoma Mei 2012, ya Kiingereza tarehe 29 Juni. Wakasema intaneti inatosha. Mimi sikubaliani nao kabisa. Intaneti inataka kifurushi na mtandao, na mkubwa akiamka vibaya anaifunga. Redio inataka betri tu, na hakuna anayejua unasikiliza nini.

Siku ile ya mwisho nilisikiliza hadi tamati, kisha sikuzima. Mtambo ulibaki hewani kitambo bila neno, ule ukimya mzito ambao wasikilizaji wa masafa mafupi wanaujua. Halafu ukakatwa, mkoromo ukarudi pale pale kengele zilipokuwa zinalia.