Wakala au Kujiagizia Mwenyewe: Mzigo wa Kutoka China Hadi Nairobi
Mfanyabiashara wa Nyamakima, mtaa wa maduka jijini Nairobi, anayeagiza makava ya simu kutoka Guangzhou kupitia kwa wakala hulipa kamisheni, lakini wakala mwaminifu humkagulia bidhaa ghalani, humtumia picha za kasoro kabla katoni hazijafungwa, kisha huunganisha mizigo ya wateja wengi katika kontena moja, hivi kwamba kila mmoja hulipia ujazo wake tu. Anayejiagizia huokoa kamisheni hiyo, ila hushughulikia peke yake ushuru, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 na ada za kutoa mzigo bandarini Mombasa. Kwa katoni chache nampendelea wakala, mradi risiti yake itenganishe waziwazi usafiri na kodi. Mwenye kujaza kontena zima ajiagizie.