Miaka miwili ya uzamili katika mbinu za utafiti, takwimu na upimaji: uzoefu wangu

Nilimaliza shahada ya uzamili katika mbinu za utafiti, takwimu na upimaji kwa miaka miwili na miezi minne. Ile minne ya ziada ilikuwa ya kusubiri sura za tasnifu zirudi kutoka kwa msimamizi. Jina la chuo naliacha. Naandika kwa sababu wengi huniuliza kama masomo haya yanafaa, na jibu langu ni ndiyo, ila si kwa sababu iliyonipeleka.

Nilikwenda kutafuta takwimu. Nilikuwa nimeshafanya kazi na data miaka kadhaa, nikiweza kusoma jedwali la regresheni (hesabu ya jinsi jambo moja linavyobadilika pamoja na jingine) bila kujua namba zake zimetoka wapi. Takwimu nilizipata, na zilifundishwa vizuri. Siku ya kwanza mwalimu alitugawia seti nne za data alizochapisha mwanatakwimu Francis Anscombe mwaka 1973, kila moja ikiwa na nukta 11, akatutaka tuandike hitimisho kabla ya kuchora grafu. Wastani ni uleule, uwiano, yaani kipimo cha jinsi vitu viwili vinavyokwenda pamoja, wa takriban 0.82 ni uleule, kwa hiyo tukaandika jambo moja mara nne. Ndipo tukachora. Seti ya kwanza ilikuwa mstari wa kawaida, ya pili upinde. Ya tatu ilikuwa imenyooka kabisa isipokuwa nukta moja iliyoruka juu, na ya nne nukta kumi zimesimama wima huku moja iko mbali peke yake. Tangu siku hiyo sijagusa data bila kuichora kwanza.

Lakini somo lililonibadilisha ni upimaji, yaani namna ya kutengeneza na kukagua vipimo kama hojaji, ambalo nilidhani ni la kujazia ratiba. Kila mmoja alitakiwa atengeneze hojaji yake, aijaribu kwa watu, kisha aitetee darasani. Yangu ilihusu namna wanafunzi wanavyoomba msaada wanapokwama. Kwenye majibu niliweka: kamwe, mara chache, mara kwa mara, mara nyingi, daima. Mwalimu akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Kati ya mara kwa mara na mara nyingi, ipi kubwa?" Niliwauliza wenzangu wanane, wakagawanyika nusu kwa nusu. Na mimi tayari nilikuwa nimezipa namba 3 na 4, tayari kutafuta wastani!

Sehemu ya ndiyo na hapana ilikuwa na matatizo makubwa zaidi. Sentensi mojawapo ilisema: "Siombi msaada nisipoelewa somo." Tulifundishwa kukaa na mtu, asome kwa sauti na kueleza anachofikiri anapojibu. Wa kwanza akasema, "Ndiyo, siombi." Wa pili akasema, "Hapana, siombi." Tabia ni ileile, lakini visanduku walivyotia alama ni tofauti. Hakuna programu ya kompyuta ambayo ingenionyesha kosa hilo. Kwenye faili ningeona tu 1 na 0.

Kisha ikaja alfa ya Cronbach, kipimo cha uthabiti, yaani jinsi sentensi za hojaji zinavyokwenda pamoja. Sehemu yangu ya sentensi 20 ilipata 0.83, nikafurahi, maana kila mahali nilikuwa nimesoma kwamba 0.70 inatosha. Mwalimu akaniambia nitafute wastani wa uwiano kati ya sentensi na sentensi. Ulikuwa 0.2, mdogo. Akanitaka nipige hesabu upya kana kwamba nina sentensi 5 zenye uwiano huohuo: alfa ikashuka hadi 0.56. Kumbe sehemu kubwa ya ile 0.83 ilitokana na urefu wa hojaji. Na hata ingekuwa 0.95, bado isingethibitisha kwamba ninapima kile ninachodai kupima, kwa kuwa uthabiti ni jambo moja na uhalali, yaani kupima kile hasa unachokusudia, ni jingine. Nimeshakutana na tasnifu nyingi zinazoandika alfa katika mstari mmoja na kusonga mbele. Zamani nisingeona ubaya wowote, sasa hunikera kwelikweli.

Yaliyonikera kwenye masomo yenyewe ni machache lakini mazito. Mbinu za kimaelezo, zinazotegemea maneno ya watu badala ya namba, zilipewa wiki tatu tu, ilhali ile ya kusoma kwa sauti, iliyoiokoa hojaji yangu, inatoka hukohuko. Uchambuzi tulifundishwa kwa programu ya leseni, bonyeza hapa, bonyeza pale; leseni ilipokwisha, ujuzi ukabaki hauna pa kufanyia kazi. Lugha ya R ya kuchambulia data, ambayo ni ya bure, nilijifunza usiku kwa juhudi zangu. Usimamizi wa tasnifu ndio ulioniumiza: sura moja ilikaa wiki saba, ikarudi na marekebisho ya nukta na mkato.

Ukiwa unafikiria kujiunga popote pale, uliza mambo mawili kabla ya kulipa ada. Je, upimaji ni somo la lazima au la hiari? Na msimamizi mmoja ana wanafunzi wangapi? La kwanza lilinikuta kwa bahati njema. La pili sikuuliza, na wa kwangu alikuwa na wanafunzi kumi na tisa.