Kozi ya Ukufunzi wa Uzamiaji Inayoanzia Arusha: Tathmini ya Mhifadhi wa Bahari

Mtu akisikia kwamba kuna kozi ya ukufunzi wa uzamiaji Arusha, mji ulio takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, swali lake la kwanza huwa ni maji yako wapi. Mimi ni mtumishi wa mradi wa kuhifadhi matumbawe ambao ofisi yake iko Arusha na kazi zake ziko Tanga, na nimeisoma kozi hiyo hadi mwisho: nadharia na mazoezi ya bwawani hufanyika Arusha, kisha wanafunzi hushuka pwani kwa mbizi za baharini. Sehemu ya bwawani ni nzuri kweli kweli, ila ratiba ya baharini ina kasoro ambayo haifai kufumbiwa macho.

Kozi hii si ya anayeanza. Kwa utaratibu wa PADI, shirika la kimataifa la mafunzo ya uzamiaji, anayejiunga awe tayari na cheti cha kuongoza mbizi, awe na mbizi 60 zilizoandikwa kitabuni, ambazo lazima zifike 100 kabla ya mtihani, na awe amepimwa na daktari ndani ya miezi 12 iliyopita. Sisi tunaohesabu samaki na kupima matumbawe kwa utepe idadi hiyo huipata kazini tu, lakini mtu anaweza kuzamia miaka mingi bila kujua kumfundisha mwenzake hata kutoa maji kwenye miwani, na hapo ndipo ada ya kozi hii inapoonekana imekwenda mahali pake.

Mwalimu wetu alitutaka kila zoezi tulionyeshe polepole mno, kidole kimoja baada ya kingine, kwa sababu chini ya maji mwanafunzi hasikii neno, anasoma mikono. Kutoa miwani, kuivaa tena na kupuliza kwa pua hadi maji yatoke, jambo nililokuwa nikilifanya bila kufikiri, nililirudia hadi aliporidhika kwamba mgeni angeweza kulifuata kwa macho peke yake. Aliweka pia sakafuni mwa bwawa makopo ya mchanga yenye vijiti vyembamba vilivyosimikwa wima, tukatakiwa kuelea juu yake na kusahihisha makosa ya mwenzetu aliyeigiza mwanafunzi, bila pezi la mtu kuangusha kijiti. Kwa mhifadhi zoezi hilo lina thamani kubwa, kwani tumbawe lililovunjwa kwa teke la mzamiaji mmoja huchukua miaka kurudi.

Jambo jingine ninalolisifu bila kusita ni Kiswahili. Vitabu vyenyewe ni vya Kiingereza, lakini maelezo yote ya darasani yalitolewa kwa lugha ambayo mvuvi angeielewa, na ninaokusudia kuwafundisha ni wavuvi, hasa vijana wa BMU, yaani vikundi vya wanajamii vya kusimamia uvuvi wa pwani, wanaolinda miamba iliyoharibiwa kwa miaka mingi na uvuvi wa baruti. Vijana hao wamekua wakizamia kwa kubana pumzi, nasi tunawapa mtungi na kuwaambia kwamba sasa kubana pumzi ni marufuku. Sababu ni lazima waielewe: katika kina cha mita 10 kanieneo, yaani mgandamizo, ni mara mbili ya lile la juu ya maji, hivyo hewa iliyovutwa huko kutoka kwenye mtungi hutanuka mara mbili mtu anapopanda, na ikifungiwa kifuani inaweza kupasua mapafu. Mwalimu alinitaka niieleze kanuni hii bila kutumia neno hata moja la kitabuni, na hakunipitisha mara ya kwanza.

Sasa kasoro. Darasani tulifundishwa vizuri kwamba nitrojeni hubaki mwilini baada ya mbizi na inaweza kufanya mapovu ya hatari mtu akipanda mapema mahali pa juu penye hewa nyepesi, na kwamba mwongozo wa DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, humtaka mtu aliyepiga mbizi kadhaa kusubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Mwongozo huo unahusu hewa ya ndani ya ndege iliyo sawa na kimo cha kati ya mita 600 na 2,400, na Arusha iko katikati ya vimo hivyo. Hata hivyo ratiba ilitutaka tumalize mbizi ya mwisho Tanga saa sita mchana na tuondoke kwa gari saa kumi jioni, kupitia Korogwe, Same na Moshi, hadi kulala Arusha. Tulipinga, safari ikasogezwa hadi kesho yake, lakini gharama ya kulala tukalipa wenyewe. Waandaaji wanapaswa kuiweka siku hiyo ndani ya ada, kwa kuwa ni suala la usalama wa mwanafunzi.

Ada ya mtihani pia hailipwi kwao. Mtihani husimamiwa na watahini wa PADI, na tangazo la kozi lilipaswa kusema hivyo waziwazi. Anayetarajia kumwona silikanti, samaki adimu wa jamii ya kale sana, katika hifadhi ya bahari ya Tanga iliyoanzishwa mwaka 2009 naye ajue kwamba samaki huyo kwa kawaida huishi kwenye kina cha zaidi ya mita 100, ilhali kikomo cha uzamiaji wa kawaida ni mita 40.

Ninaipendekeza kozi hii kwa watumishi wa miradi ya bahari wanaoishi Arusha au Moshi, kwa sharti moja: kabla ya kulipa, waombe ratiba ya safari ya kurudi kwa maandishi na wahesabu zile saa 18.