Sola ya kukesha na mayai 528: mrejesho wangu kutoka Sakina, Arusha

Natotolesha vifaranga hapa Sakina tangu 2019. Mashine yangu inabeba mayai 528 na kazi yake ni moja, kushika joto la nyuzi 37.5 usiku na mchana kwa siku 21. Mayai hayajui mgao wa umeme wala sikukuu. Kwa hiyo mtu akiniuliza habari za sola siwezi kuanzia kwenye bei. Naanzia saa tisa usiku.

Saa hiyo niliijua Februari 2024. Nilikuwa nimenunua sola yangu ya kwanza kwenye duka moja la mjini: paneli mbili, inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi), na betri moja ya gel, yaani ya risasi yenye tindikali iliyogandishwa kama ute, ya volti 12, Ah (ampia-saa) 200. Muuzaji alinihakikishia kwamba itakesha na mashine. Siku ya 19 ya mayai umeme wa gridi ukakatika saa mbili usiku, nikalala bila wasiwasi. Kilichoniamsha alfajiri ni ukimya, maana feni ya mashine ikizimika nyumba nzima inabadilika. Kipimo kilisoma nyuzi 27. Nilipofungua mlango, yai la kwanza kuliona kwenye trei ya pili lilikuwa limetobolewa kitundu cha kutosha punje ya mahindi, ncha ya mdomo wa kifaranga inaonekana, imetulia. Nikaliweka kiganjani na kulipulizia pumzi ya moto. Halikutikisika. Nilijaza chupa za maji ya moto nikazipanga kati ya trei, gridi ikarudi saa nne asubuhi, lakini mwisho wa yote nilitoa vifaranga 187 tu. Zaidi ya nusu ya mayai yale yalikuwa ya wateja, akina mama wa Ngaramtoni na Kisongo, na kila mmoja nilimpigia simu mwenyewe.

Hesabu ambayo dukani hakuna aliyenifanyia ni hii. Volti 12 mara Ah 200 ni wati-saa 2,400. Betri ya gel ukiitumia zaidi ya nusu kila mara unaifupishia maisha, kwa hiyo cha kutumia ni 1,200. Mashine yangu inakula wastani wa wati 150. Ukigawanya unapata saa nane, na ukitoa kinachopotea kwenye inveta zinabaki saba. Kutoka saa mbili usiku, saa saba zinakufikisha saa tisa kamili.

Sola ya sasa nilifungiwa Novemba 2024 na fundi mwingine. Ni paneli nne za wati 400, inveta ya kilowati 3, na betri ya lithiamu ya volti 51.2, Ah 100, yaani uniti tano na kidogo (uniti moja ni wati-saa 1,000). Iligharimu shilingi milioni 5.6 pamoja na ufundi. Kilichonifanya nimwamini ni kwamba kabla ya kutaja bei alifunga mita ndogo kwenye waya wa mashine yangu, akaiacha siku mbili mchana na usiku, akarudi kusoma. Mashine inakula uniti 3.6 kwa siku. Tangu hapo hadi leo nimetotolesha mizunguko 19 na haijazimika hata mara moja. Usiku inamaliza karibu nusu ya betri, na jua la kawaida la Arusha likianza kuchoma saa tatu, kufikia saa saba mchana imejaa tena.

Kuhusu hela niseme wazi, kwa sababu watu wanadanganywa. Uniti 3.6 kwa siku ni uniti 108 kwa mwezi. Kwa luku, umeme wa kulipia kabla, ya elfu kumi unayopata uniti 28 hivi, hiyo ni kama elfu 38 kwa mwezi. Milioni 5.6 kurudi kwa kuokoa luku peke yake ni miaka 12. Nililipia usingizi na jina langu kwa wateja, na kwa hilo sijutii hata shilingi.

Sasa ubishi wa nyumbani. Mdogo wangu ni fundi umeme wa viwandani Dar es Salaam, na Krismasi hii alikaa mbele ya ile inveta akasema, “Dada, umetumia mamilioni kulitunza jua lisilale. Nyuklia hailali.” Alikuwa na hoja, nami nilitaka kumsikiliza. Alinieleza kwamba kituo cha nyuklia kimsingi kinachemsha maji: atomi za urani zinapasuliwa, joto linatoa mvuke, mvuke unazungusha mtambo wa kuzalisha umeme. Kidonge kimoja cha urani unachoweza kukishika kwa vidole viwili kina nishati inayokaribia ya tani moja ya makaa ya mawe. Mtambo unaweza kwenda mwaka na zaidi bila kusimama kuongezwa urani, iwe mawingu, iwe usiku. Moshi hakuna. Na urani tunayo wenyewe, Mto Mkuju, Namtumbo.

Kwa mashine kama yangu, umeme wa namna hiyo ndiyo ndoto. Nilimkubalia bila kinyongo. Hapa Arusha nyuklia si neno la kutishia watoto hata kidogo, maabara za Tume ya Nguvu za Atomiki zipo Njiro na watu wanapita hapo kila siku kwenda sokoni. Chernobyl ya 1986 na Fukushima ya 2011 ni kweli zilitokea, na mabaki ya urani yanahitaji kulindwa kwa maelfu ya miaka, lakini hofu siyo sababu yangu.

Sababu yangu ni ukubwa na umbali. Koeberg, karibu na Cape Town, ndicho kituo pekee cha umeme wa nyuklia kinachofanya kazi Afrika, tangu 1984, kina mitambo miwili ya zaidi ya megawati 900 kila mmoja. Mmoja ulizimwa Desemba 2022 kubadilishiwa majenereta ya mvuke, yaani vyombo vinavyogeuza maji kuwa mvuke, ukarudi Novemba 2023, na mwaka huo Afrika Kusini ilikuwa kwenye mgao mkali. Sisi mahitaji yetu ya juu kabisa, nchi nzima, ni karibu megawati 2,000. Mtambo mmoja wa aina ile ukizimika ghafla kwetu ni kama nusu ya nchi imeanguka kwa mkupuo.

Na hata usipozimika, utanifikia Sakina? Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, umeme tunao. Lakini Machi 2025 Rais Samia akiwa Kilimanjaro alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya kanda hii ya kaskazini, kwa kuwa unaotoka mbali unapotea njiani. Nikamwuliza mdogo wangu: hicho kituo chako utakijenga wapi, na waya wake una kilomita ngapi mpaka kwenye trei zangu? Alikaa kimya kidogo, akasema, “Hapo kwenye waya umenishika, dada.”

Sola nayo ina aibu zake. Ya kwanza niliiona mwenyewe. Betri ya gel ilipokufa, mnunuzi wa chuma chakavu alikuja na mkokoteni, akataka kuipasua na kukung'uta ule ute wa tindikali nyuma ya banda ili apunguze uzito. Pale pale kuku wanapochakura. Ndani ya tindikali ile kuna madini ya risasi, ambayo ni sumu, na risasi ikiingia kwenye udongo haitoki. Nilimkatalia, na betri ipo stoo hadi leo juu ya beseni la plastiki, kwa sababu sijapata wa kuichukua kwa usalama. Tunaosifia sola kuwa safi tunapaswa kuumizwa na jambo hili.

Ya pili ni Julai. Anayeishi chini ya Meru anayajua yale mawingu, wiki nzima mlima huuoni. Julai 2025 kwa siku tatu mfululizo paneli zilinipa pungufu ya zile uniti 3.6 ambazo mashine inakula kwa siku. Alfajiri ya siku ya nne betri ilisoma asilimia 14, nikarudisha mashine kwenye gridi na nikakaa macho mpaka kunakucha. Gridi ilikuwepo siku ile. Isingekuwepo, ningerudi kwenye chupa za maji.

Hapo ndipo fundi wangu ninampunguzia nyota moja, anabaki na nne kati ya tano. Paneli mbili alizifunga kwenye bati linalotazama kusini kwa kuwa waya ulikuwa mfupi. Sisi tuko kusini kidogo ya ikweta, Juni na Julai jua linapita upande wa kaskazini, na ndiyo miezi yenye mawingu. Nimeongea naye, amekubali kuzihamisha kabla ya Mei bila kunitoza, na nitaongeza mbili nyingine papo hapo, kwenye bati linalotazama mlima, yaani kaskazini.