Uzoefu wangu na nyaraka za mtandaoni: insha zimerudi, masahihisho hayakurudi

Sina ugomvi na anayesifu hifadhi ya mtandaoni kwa walimu, kwa sababu mimi mwenyewe nimeisifu kwa miaka, tena mbele ya wakuu wa idara walioiona kuwa ni anasa ya shule zenye fedha. Nitaandika kuhusu jambo moja tu. Nilipopata ajira serikalini na kuiaga shule binafsi niliyokuwa nikifundisha Kiswahili, nilikabidhiwa insha za wanafunzi wangu zote, zikiwa zimepangwa vizuri kwenye folda zake, na ndani yake hamkuwa na hata neno moja la masahihisho.

Asiyefundisha lugha huenda asione kilichopotea. Wanafunzi wa bweni hawaruhusiwi kuwa na simu, hivyo waliandika insha kwenye hati za mtandaoni katika chumba cha kompyuta, nami usiku nikawa nyumbani nasoma na kuweka maoni pembeni mwa ukurasa. Kipindi kilichofuata waliyajibu papo hapo, na mara nyingi majibu yao yalikuwa na akili kuliko insha yenyewe. Nakumbuka binti mmoja wa kidato cha tatu niliyemwuliza, “Methali hii inaunga mkono hoja ipi?” Akaniandikia chini yake, “Mwalimu, nilidhani insha bila methali hukatwa alama.” Maelezo yangu yakafuata, kisha akaifuta methali, na katika historia ya matoleo, yaani kumbukumbu ya kila badiliko la hati, unaiona aya ikinyooka siku baada ya siku. Jambo hilo, daftari la karatasi halikupi. Nilitaka kulipeleka kwa wanafunzi wapya, majina yakiwa yameondolewa, ili waone jinsi mtu anavyobishana na mwalimu wake mpaka aya ikakaa sawa, na mkuu wa idara aliridhia.

Naelewa kwa nini shule inafuta akaunti za walioondoka. Zamani nafasi ilikuwa kama haina mwisho, lakini Google ilitangaza mwaka 2021, na Microsoft ikafuata mwaka 2023, kwamba taasisi nzima ya elimu itagawana nafasi ya terabaiti (TB) 100 za bure, na tangu hapo wasimamizi wa mifumo wamekuwa wakali juu ya kila akaunti isiyo na mtu. Sina neno na hilo. Neno langu ni kwa kijana wa TEHAMA.

Nilimwomba anihamishie umiliki wa folda. Bila salamu, naye ni wa umri wa kuniamkia, aliniambia kwamba umiliki hauhamishwi kwenda akaunti iliyo nje ya shule, jambo ambalo huenda ni kweli, na kwamba angenitengenezea nakala. Akatengeneza. Kilichotokea anakijua yeyote aliyewahi kunakili hati kwenye Google Docs: pana kisanduku kidogo kinachouliza kama unataka na maoni yanakiliwe, nacho huwa hakina tiki mpaka mtu aiweke, wakati historia ya matoleo haiji kwa vyovyote. Nilipofungua faili kwenye kishikwambi na kumwandikia kwamba maoni hayamo, alijibu kwa sentensi moja: “Mwalimu, insha si hizo hapo?”

Nilimwandikia tena, kwa adabu, kwamba msimamizi anaweza kuirejesha akaunti iliyofutwa kama muda haujapita, nao si mrefu, kwa kuwa ni siku 20 kwa Google na 30 kwa Microsoft. Alikaa kimya hadi muda ulipokwisha, ndipo akanitajia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hapo nilitulia kidogo, kwa sababu maandishi ya watoto ni jambo la kuheshimiwa, na mwalimu aliyeondoka hana haki ya kutembea nayo anavyotaka. Lakini kadiri nilivyolifikiri ndivyo lilivyonikera zaidi: kama sheria ndiyo iliyomzuia, angezuia insha, ambazo ni za watoto, akaniachia maoni, ambayo ni yangu. Yeye alinipa za watoto akafuta yangu, kisha akajificha nyuma ya sheria ambayo sidhani kama alikuwa ameifungua kabla ya siku hiyo.

Je, nawashauri walimu waitumie huduma hii kusahihishia? Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema hapana. Nikikumbuka usiku wa kubeba madaftari ya mikondo mitatu kwenye daladala, nasema ndiyo, na sijaona chombo kingine kinachomfanya mwanafunzi arudie aya ile ile bila kununa. Chombo kiliandikwa vizuri, na kosa ni la mtu. Hata hivyo, nani aliyeamua kwamba kazi ya mwalimu iachwe nje mpaka mtu aweke tiki, na aliyeamua hivyo amewahi kusahihisha insha arobaini kwa bando la kujinunulia? Kwa hiyo lawama haimwishii kijana peke yake.

Katika shule niliyopo sasa kompyuta ni chache na tunaandika kwa zamu, lakini tunaandika. Kila muhula ukiisha napakua hati zote katika muundo wa Word, ambao hubeba maoni pamoja na majibu yake, naziweka kwenye flashi inayokaa kwenye kabati la idara, na mkuu wa idara ana ufunguo wake. Mwenzangu mmoja ananicheka kwamba nimerudi enzi za flashi, na pengine ana haki. Akihamishwa yeye ndipo tutazungumza vizuri.