Kutu, mbao na nyufa: uzoefu wangu wa kutengeneza tekscha kwa GIMP

Kutu ya kwanza niliyotengeneza ilionekana kama rangi ya machungwa iliyopakwa na mtoto mwenye haraka. Nilihitaji tekscha, yaani picha za kuvisha maumbo ya 3D: bati lililoliwa na kutu, mbao kuukuu, ukuta wenye nyufa. Nikachukua GIMP, programu ya kuhariri picha, kwa sababu ni ya bure, na pia sikutaka kulipia programu kila mwezi kwa ajili ya kazi ya kujifunza. Vifaa vyote vya kazi hii nimevikuta humo. Kilichonichelewesha ni macho yangu, maana nilikuwa nachora kutu bila kuwahi kuitazama vizuri.

Karibu kila tekscha naianzia kwenye filta ya Solid Noise, iliyo kwenye menyu ya Render. Inazalisha mawingu ya kijivu kwa hesabu tu, hesabu za ukoo ule alioubuni Ken Perlin mwaka 1983 baada ya kuchoshwa na picha za kompyuta zilizoonekana za kimashine mno. Ukiweka X iwe 16 na Y iwe 1, mawingu yale hunyooka yakawa mistari ya wima, na hapo tayari una mwanzo wa ubao. Mwanzo tu! Mimi niliishia hapo, nikapaka kahawia juu yake, nikashangaa kwa nini mbao zangu zinafanana na plastiki.

Dawa yake ilikuwa kupanga matabaka ya ukubwa tofauti. Kitu halisi kina mabaka makubwa unayoyaona ukiwa mbali, madoa ya kati, halafu punje na mikwaruzo inayojitokeza ukisogea karibu. Kila kundi nalipa tabaka lake: uchafu nauweka kwa Multiply ili utie giza, punje naziweka kwa Overlay (zote ni namna za kuchanganya tabaka na lililo chini yake), kisha kila tabaka nalipa maski ya kuamua lionekane wapi na lijifiche wapi. Hiyo maski ndiyo inayokula muda wangu mwingi, na sijutii hata dakika moja.

Bump Map, filta inayofanya picha bapa ionekane kama ina mabonde na vilima, ilinitesa jioni nzima. Ukuta wangu ulijaa ngazi ndogondogo kama shamba la matuta. Nililaumu filta, nikalaumu kompyuta, kumbe kosa lilikuwa langu: picha ya biti 8 ina viwango 256 tu vya kijivu, na filta hii husoma tofauti kati ya kiwango na kiwango. Pale mteremko ulipotakiwa kuwa laini, yeye aliona ngazi, akaziangazia. Tangu toleo la 2.10 la mwaka 2018 unaweza kufanya kazi kwa biti 32, kupitia Precision kwenye menyu ya Image. Badilisha kabla ya kuzalisha mawingu, maana ukibadilisha baadaye viwango vilivyokosekana havirudi. Na kama tekscha inaenda kwenye 3D, usiipake mwanga kabisa. Tumia filta ya Normal Map, inayoandika kwa rangi uso umeelekea wapi, kivuli uiachie programu ya 3D, la sivyo utapata ukuta wenye jua mbili.

Kifaa ninachokipenda kuliko vyote hakina mbwembwe yoyote. Bonyeza Shift, Ctrl na O, dirisha la Offset litafunguka. Chagua kusogeza kwa nusu ya upana na nusu ya urefu, na kingo zote za picha zitakutana katikati zikiwa kama msalaba. Unaiziba ile mishono kwa Heal au Clone, vifaa vya kunakili sehemu moja ya picha juu ya nyingine, basi, picha inaweza kurudiwa ukutani bila mpaka kuonekana. Ipo filta inayofanya hivyo yenyewe, lakini inachanganya picha na nakala yake, na nyufa kali hugeuka ukungu. Nafanya kwa mkono.

Hata hivyo mshono si adui pekee. Nilikuwa na doa moja zuri sana, lenye umbo la sikio, nililolihangaikia kweli. Nilipoipanga tekscha mara nne kwa nne, masikio 16 yakanikodolea macho kwa safu. Nililifuta, kwa uchungu. Siku hizi napanga jaribio hilo mapema, kabla sijapenda kitu.

Toleo la 3.0, lililotoka Machi 2025, limenipunguzia kazi: filta nyingi sasa zinabaki juu ya tabaka na unaweza kurudi kuzirekebisha baadaye. Zamani nilikuwa nanakili tabaka kwa kila jaribio, faili moja ikifika matabaka 40 yenye majina kama "kutu mpya mpya 2".

Juzi nimeirudia ile kutu ya kwanza. Safari hii nilitazama kwanza picha nilizopiga siku ya mawingu, ambapo mwanga hauegemei upande. Rangi ya machungwa iliyokolea nimeibakiza pembezoni mwa mabaka tu, katikati ni kahawia inayokaribia weusi, na michirizi nimeishusha kutoka chini ya vichwa vya boliti, kule maji yanakopita.