Mutu mugeni wa indie rock umuanzishie na nani, Strokes ao Arctic Monkeys?

Huku Goma ukiweka rock mu nyumba watu wanasema ni makelele tu, njo maana albamu ya kwanza iko ya kuchagua vizuri. Mi naanziaka na Is This It, albamu ya The Strokes, bendi ya New York, 2001, nyimbo 11 na haifiki hata dakika 40. Batu ba sebene (ile sehemu ya magita ya kucheza mu rumba ya Kongo) banaikamataka mbio juu magita mbili zinasemezana, Valensi huku Hammond kule, na sauti ya Casablancas inakuya kama mutu anakuimbia ku telefone (mi naipenda hivyo, mukubwa wangu anasema spika imekufa). Anza na Last Nite.

AM, albamu ya Arctic Monkeys, batoto ba Sheffield kule Uingereza, 2013, iko ya mutu wa rap: mwendo nzito, besi mbele. Do I Wanna Know? mudogo wangu aliikubali mbele hata sauti haijaingia. Lakini umuambie mapema, albamu yao ya 2006 iko mbio mbio, akidhani yote inafanana atashangala.

Flash ikibakia na nafasi ya moja tu, naweka Strokes.